Mkojo Utapita Wapi?

Mgonjwa anapoambiwa kwamba kibofu chake hakina budi kutolewa, mara nyingi swali linalomtoka halihusu saratani. Habari ya saratani ameshaipata. Ndiyo iliyomfikisha kwenye kile kiti. Anachouliza ni hiki: "Sasa daktari, mkojo utapita wapi?" Wapasuaji walihitaji miaka mia moja na ushei kulijibu swali hilo kwa namna ya kuridhisha. Kukikata kibofu walijua mapema. Kilichowatoa jasho ni kazi iliyofuata baada ya kukata.

Figo hazingojei mtu. Usiku na mchana zinachuja, na kwa siku mtu mzima hutoa lita moja na nusu hivi ya mkojo, awe na kibofu au asiwe nacho. Mkojo huo hushuka kwa mirija miwili myembamba hadi kwenye kibofu, mfuko wa misuli uliojificha nyuma ya mfupa wa kinena, wenye uwezo wa kubeba kama nusu lita. Mtu hukidharau kibofu kwa kuwa hakimsumbui, kumbe kinafanya mambo mawili ambayo hakuna kiungo kingine tumboni kinachoyaweza kwa pamoja. Kwanza, hujaa bila kusukuma: mkojo unaongezeka, presha inabaki chini, na presha hiyo ya chini ndiyo salama ya figo. Pili, ngozi yake ya ndani haipitishi kitu. Taka iliyotolewa na figo hairudi kwenye damu.

Ukielewa mambo hayo mawili, umeshaelewa kwa nini majaribio mengi ya mwanzo yaliishia makaburini.

Mwaka 1851 mjini London, mpasuaji John Simon alimpokea mvulana aliyezaliwa kibofu chake kikiwa wazi juu ya ngozi ya tumbo, mkojo ukimchuruzika saa zote. Simon aliielekeza mirija ya figo kwenye utumbo wa haja kubwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: pale pana msuli unaobana, basi ubane na mkojo. Mvulana alifariki baada ya mwaka mmoja hivi, lakini wazo halikufa naye. Januari 1887, mjini Cologne, Bernhard Bardenheuer alitoa kibofu kizima chenye saratani, upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kuandikwa. Hakufanikiwa kuiunganisha mirija popote, akaiacha imwage mkojo kwenye uwazi uliobaki nyongani. Wiki mbili baadaye mgonjwa akafa kwa figo kushindwa. Karl Pawlik wa Prague alikuwa na subira zaidi. Mwaka 1889 aliihamishia kwanza mirija ya mgonjwa wake kwenye uke, akasubiri ipone, ndipo akarudi kukitoa kibofu. Mwanamke huyo aliishi miaka 16. Tofauti kati ya Cologne na Prague haikuwa ukali wa kisu. Pawlik alikwisha kulijibu swali la mkojo kabla ya kugusa saratani.

Kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20, jibu la kawaida lilibaki lile la Simon, likiwa limeboreshwa: mirija iunganishwe na utumbo mpana, mgonjwa apate mkojo na choo kwa njia moja. Hakuna mfuko wala harufu ya kumfuata mtu barabarani, na kwa macho ya jirani mtu ni mzima. Ndani ya mwili mambo yalikuwa mengine. Vijidudu vya choo vilipanda kwa mirija hadi kwenye figo. Kisha utumbo, ambao kazi yake ya asili ni kufyonza, uliufyonza mkojo: kloridi na amonia zikarudi kwenye damu, damu ikawa na asidi, na mgonjwa akawa mchovu, hana hamu ya kula, mifupa ikilainika kadiri miaka ilivyokwenda. Madaktari Ferris na Odel wa Mayo Clinic walieleza hali hiyo mwaka 1950. Baya zaidi lilichelewa kujulikana. Pale mirija ilipoungana na utumbo, baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi, baadhi ya waliopona walipata saratani mpya.

Mwaka huohuo wa 1950, Eugene Bricker wa St. Louis, Marekani, alichapisha njia nyingine. Alikata kipande kifupi cha utumbo mwembamba, sentimita 15 hadi 20, bila kukitenga na mishipa yake ya damu. Akaunganisha mirija ya figo upande mmoja, na upande wa pili akautoa nje kupitia tundu kwenye ngozi ya tumbo, kulia chini ya kitovu. Utumbo uliobaki ukashonwa ncha kwa ncha ili chakula kiendelee na safari yake. Kipande kile hakihifadhi mkojo. Ni mfereji tu: mkojo unapita upesi, haupati muda wa kufyonzwa, unaangukia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Mfuko humwagwa mara kadhaa kwa siku na kubadilishwa kila baada ya siku chache.

Wengi huuona mfuko wa Bricker kama njia ya walioshindwa. Si kweli. Hadi leo ndiyo njia inayotumika zaidi duniani baada ya kibofu kutolewa, na kwa mzee wa miaka 75 mwenye figo dhaifu ni jibu la hekima kuliko ufundi wowote wa kupendeza. Inachukua muda mfupi mezani, na vitu vya kuharibika ni vichache. Udhaifu wake hauko kwenye upasuaji. Uko dukani. Mifuko lazima ipatikane, iwe ya kipimo sahihi, ishike vizuri kwenye joto na jasho, na mtu aweze kuinunua mwezi huu, mwezi ujao, na mwaka wa kumi.

Hapo ndipo habari inapohamia Misri.

Mwaka huohuo ambao Simon alikuwa akihangaika na mvulana wake London, daktari kijana Mjerumani, Theodor Bilharz, alikuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo. Ndani ya mishipa ya damu alikuta minyoo myembamba ambayo hakuna aliyekuwa ameieleza kabla yake. Ilikuwa minyoo ya kichocho. Jike hutaga mayai kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Baadhi ya mayai hutoboa ukuta na kutoka na mkojo, na damu kidogo nyuma yake. Mengine hunasa ukutani, na mwili huyapiga vita mwaka baada ya mwaka, mpaka ngozi ya ndani ya kibofu inabadilika sura na kuwa ngumu. Mwaka 1911, Ferguson, mtaalamu katika hospitali hiyohiyo ya Cairo, aliandika kwamba kichocho na saratani ya kibofu vinaandamana mno kuweza kuitwa bahati mbaya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka mnyoo huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994, kundi lenye tumbaku.

Mabwawa na mifereji ya Nile yalimsaidia sana mnyoo huyu. Zamani mto ulifurika mara moja kwa mwaka, kisha mashamba yakakauka na konokono wanaobeba vimelea wakafa kwa wingi. Kilimo cha kumwagilia mwaka mzima kiliacha maji yamesimama kwenye mifereji kila msimu. Konokono wakastawi, na wakulima wakasimama ndani ya maji yaleyale tangu utotoni. Katika vijiji vya Delta, mvulana kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida kiasi cha kuhesabiwa dalili ya kubalehe. Saratani ya kibofu ikawa saratani namba moja ya wanaume wa Misri. Mwimbaji Abdel Halim Hafez, ambaye sauti yake ilijaa kwenye redio hadi Unguja na Mombasa, alifariki mwaka 1977 kwa kichocho alichokipata utotoni, ingawa chake kilikuwa kile cha ini. Serikali ilipambana kwa sindano za dawa iliyotokana na antimoni, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sindano zilichomwa kwa mtu huyu na yule bila kuchemshwa ipasavyo, na hivyo kampeni ya kuponya kichocho ikasambaza homa ya ini aina ya C nchi nzima. Afueni ililetwa na prazikwanteli, kidonge cha kumeza.

Saratani hii ya kichocho si sawa na ile ya wavuta sigara wa Ulaya. Ya Ulaya huanza kwenye seli za kawaida za ngozi ya kibofu, na chanzo chake kikuu ni moshi wa tumbaku. Kemikali nazo zimo: tangu 1895 Ludwig Rehn wa Frankfurt aliripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Huko, wengi hugunduliwa mapema, ugonjwa ukiwa bado juu juu. Hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, na kibofu humwagiwa BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu ambayo watoto wachanga huchomwa begani. Alvaro Morales aliieleza tiba hiyo akiwa Kanada mwaka 1976, nayo imeokoa vibofu vingi. Mkulima wa Delta alikuja na kitu kingine: uvimbe wa seli bapa, mkubwa, uliokwisha kuzama kwenye misuli, usiosikia sana mionzi wala dawa. Mkulima mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na kitu. Kilichobaki kilikuwa kisu.

Na akishapasuliwa, arudi wapi? Kijijini, shambani, kwenye jua. Mifuko ya kubandika haikuuzwa kijijini kwake, na kama iliuzwa, bei haikulingana na mapato ya pamba. Mtu anayeinama na jembe kutwa nzima mfuko humbanduka. Tena kulikuwa na sala. Wanazuoni wa fiqhi walikwisha kutoa hukumu ya mtu asiyeweza kuzuia mkojo karne nyingi kabla ya Bricker: atawadhe wakati wa sala unapoingia, kisha asali, hata kama mkojo unaendelea kutoka. Ni hukumu yenye huruma. Lakini hukumu kitabuni ni jambo moja, na kusimama safuni bega kwa bega na jirani huku ukihofia kuvuja ni jambo jingine. Wagonjwa wengi walimwambia daktari wazi kwamba wangependelea kufa na kibofu chao.

Aliyesikiliza ni Mohamed Ghoneim wa Mansoura, mji wa Delta. Huyu ndiye aliyeongoza upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Misri mwaka 1976, na mwaka 1983 kituo chake cha figo na njia ya mkojo kikafunguliwa mjini humo. Mansoura hawakuwa na haja ya kungoja wagonjwa. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya vibofu 2,720 walivyotoa, idadi ambayo hospitali nyingi maarufu za Ulaya na Marekani zilikuwa bado hazijaikaribia. Vifo vya upasuaji vilikuwa chini ya watatu katika kila mia, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walivuka miaka mitano bila saratani kurudi. Vitabu vingi vinavyosimulia kibofu kipya kinachoshonwa kwa utumbo huanzia Ulaya na kuishia Ulaya. Hilo ni kosa la masimulizi, kwani mahali ambapo mkojo bila mfuko ulikuwa sharti la kuishi na si anasa, palikuwa Delta ya Nile.

Ufundi wenyewe ulitegemea somo la fizikia. Maurice Camey, katika hospitali ya Foch nje kidogo ya Paris, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuchukua kipande kirefu cha utumbo mwembamba, kama sentimita 40, na kukiunganisha moja kwa moja na njia ya asili ya mkojo. Wagonjwa walikojoa kwa njia waliyozaliwa nayo, na hilo peke yake lilishangaza. Lakini utumbo ni bomba linalojikamua. Ndivyo linavyosukuma chakula. Uliendelea kujikamua hata ulipojaa mkojo. Presha ilipanda kwa mawimbi, mkojo ukaruka nje, hasa usiku.

Mswidi Nils Kock wa Gothenburg ndiye aliyeonyesha njia. Alikuwa ameshatengeneza mifuko ya utumbo ndani ya tumbo kwa watu waliotolewa utumbo mpana, na baadaye akaihamishia kazi hiyo kwenye mkojo. Siri ni kulipasua bomba kwa urefu wake wote, kama fundi cherehani anavyochana mkono wa kanzu, kisha kukikunja kile kipande bapa na kukishona upya kiwe mfuko wa duara. Misuli iliyokuwa ikikaza kwa pamoja sasa inaelekea pande tofauti, kila kipande kinakaza kwa wakati wake, na nguvu zinafutana. Hesabu nayo iko upande wa fundi. Bomba la sentimita 40 lenye kipenyo cha sentimita 3 linabeba mililita 280 hivi. Eneo lilelile la utumbo likigeuzwa tufe linaweza kubeba karibu 690. Na ukuta wa mfuko mpana, kwa kanuni ya Laplace, hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi zaidi ili kuzalisha presha ileile. Utumbo ni uleule, ila umbo lake limenyang'anywa ubishi.

Kock na Ghoneim walikutanisha Gothenburg na Mansoura. Mwaka 1987 walieleza pamoja mfuko wa Kock uliounganishwa na njia ya asili ya mkojo, ukizuiwa na msuli wa mgonjwa mwenyewe, bila kifaa chochote cha nje. Wakati huohuo Richard Hautmann wa Ulm, Ujerumani, alikuwa akishona mfuko wake wenye mikunjo ya herufi W, na Urs Studer wa Bern, Uswisi, akishona wake wenye kipande cha bomba kilichoachwa juu ili kuzikinga figo. Mansoura hawakukaa na mfuko wa Kock milele. Vali zake zilikuwa na kazi nyingi na wakati mwingine zilishikwa na mawe. Mwaka 1994 Hassan Abol-Enein na Ghoneim walieleza namna ya kuipitisha mirija kwenye handaki kati ya mikunjo ya W, na kufikia 2001 walikuwa na taarifa ya wagonjwa 450 wa njia hiyo.

Mezani kazi ni ndefu, saa nne hadi nane. Mwanamume hutolewa kibofu pamoja na tezi dume na vifuko vya shahawa. Mwanamke, mara nyingi, kibofu na mfuko wa uzazi na sehemu ya ukuta wa mbele wa uke. Tezi za limfu za nyonga hukusanywa zote. Kisha, kwa kibofu kipya, hupimwa sentimita 55 hadi 65 za utumbo mwembamba, huku kile kipande cha mwisho karibu na utumbo mpana kikiachwa kwa sababu ndicho kinachofyonza vitamini B12. Suala la unyumba halisemwi sana kliniki za kwetu, na linapaswa kusemwa kabla ya siku ya upasuaji. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita ubavuni mwa tezi dume. Tangu Patrick Walsh wa Baltimore aionyeshe mapema miaka ya 1980, inawezekana kuiacha kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa wengine saratani haitoi nafasi hiyo.

Wanawake walicheleweshwa. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba njia yao ya mkojo lazima iondolewe yote, na kwamba hawangeweza kuzuia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vituo vya Marekani, Ulaya na Mansoura vilionyesha kwamba kwa wengi inaweza kubaki salama. Kisha likazuka tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia: baadhi ya wanawake hawakuvuja, bali walishindwa kutoa mkojo kabisa, wakalazimika kujipitishia mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku.

Kibofu kipya hakijui kukojoa. Hiki ndicho wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Hakina mishipa ya kumwambia mwenyewe kwamba kimejaa. Anaweza kuhisi uzito tumboni, au asihisi kitu. Hivyo anakojoa kwa saa. Mwanzo kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, simu ikilia saa nane za usiku na saa kumi alfajiri. Muda unaongezwa kidogo kidogo, makusudi, ili mfuko utanuke ufikie nusu lita. Mtu huketi, hulegeza misuli ya chini, kisha hukaza tumbo kama anayekwenda haja kubwa. Mwanamume aliyezoea kusimama tangu utoto huona hilo ni fedheha mpaka alizoee. Utumbo unaendelea kutoa ute, kwa hiyo mkojo huwa na utelezi mweupe, na wiki za mwanzo mpira wa kutolea mkojo husafishwa kwa maji ya chumvi usizibe. Bern huwapa wagonjwa chumvi ya ziada na bikaboneti, kwa kuwa mfuko mchanga hupoteza chumvi na kufyonza asidi. Anayeanza kutapika na kulegea wiki ya nne si lazima awe na malaria.

Mchana, wagonjwa tisa katika kumi hivi hatimaye hubaki wakavu. Usiku ni hadithi nyingine. Kibofu cha asili kinapojaa mtu akiwa usingizini, hutuma taarifa na msuli wa chini ukakaza wenyewe. Kipya hakitumi taarifa. Isitoshe, ukuta wa utumbo huruhusu maji ya mwili kuingia kwenye mkojo mzito wa usiku, kwa hiyo mfuko hujaa kuliko mchana. Baadhi huamka mara moja au mbili maisha yao yote. Wengine huvaa pedi.

Kwa sababu hiyo, uamuzi kati ya mfuko wa nje na kibofu cha ndani haupaswi kuachiwa mpasuaji anayependa kazi yake. Figo zikiwa zimechoka, kibofu cha utumbo kitazimaliza. Saratani ikiwa imegusa mdomo wa njia ya mkojo, hakiruhusiwi. Mikono ikitetemeka au macho yakiwa hayaoni, nani atampitishia mpira siku mkojo utakapokataa? Na kuna kigezo ambacho vitabu vya Ulaya hukipitia kijuujuu: umbali. Mtu anayeishi siku nzima ya basi kutoka Moshi, ambako hospitali ya KCMC imefundisha mabingwa wengi wa njia ya mkojo, akipata kizuizi usiku wa manane anahitaji zahanati ya karibu yenye mtu anayejua kwamba alichonacho ndani si kibofu bali utumbo. Wenye mfuko wa nje na wenye kibofu cha ndani, wote watapimwa damu na kupigwa picha ya figo mwaka hadi mwaka, na B12 itaangaliwa.

Kwetu nako kichocho cha mkojo kipo, kwenye mabwawa ya Kanda ya Ziwa, kwenye vijito vya Kwale na bonde la mto Tana, na kilikuwa kimeenea Unguja na Pemba. Muongo wa 2010, visiwani humo, vidonge vya prazikwanteli viligawiwa mara mbili kwa mwaka, shuleni na mitaani, na maambukizi yakashuka sana. Misri ilitangulia kuona matunda: kadiri kichocho kilivyopungua, uvimbe wa seli bapa ulipungua, na mgonjwa wa Mansoura wa leo anafanana zaidi na yule wa Ulaya, akiwa na umri mkubwa na historia ya sigara.

Kisu chenyewe kimepata wasaidizi. Mwaka 2003 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba dawa za saratani zikitangulia upasuaji, muda wa kati wa kuishi unapanda kutoka miezi 46 hadi 77. Mwaka huohuo timu ya Mani Menon kutoka Detroit, ikishirikiana na Ghoneim, ilieleza utoaji wa kibofu kwa roboti. Ulinganisho uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2018 ulikuta roboti inapunguza damu inayomwagika, lakini haimwongezei mgonjwa nafasi ya kuishinda saratani.

Wapo waliotaka kuachana na utumbo kabisa. Anthony Atala aliripoti mwaka 2006 vijana saba waliowekewa ukuta wa kibofu uliooteshwa maabara kutokana na seli zao wenyewe. Majaribio yaliyofuata hayakufikia matumaini hayo. Mei 2025, katika hospitali ya chuo kikuu cha UCLA mjini Los Angeles, Inderbir Gill na Nima Nassiri walimpandikizia mgonjwa figo na kibofu kutoka kwa mtu aliyefariki, kazi ya saa nane hivi, ya kwanza kwa binadamu. Figo ilitoa mkojo papo hapo, na dialisisi ya miaka saba ikakoma. Walianza na mtu huyo kwa sababu angehitaji dawa za kushusha kinga hata hivyo, kwa ajili ya figo. Kwa aliyetolewa kibofu juzi kwa saratani iliyozama kwenye misuli, dawa hizohizo zingeweza kuziamsha seli zilizobaki, na kwa hiyo yeye bado anapimiwa utumbo wake mwenyewe: sentimita 15 za mfereji, au 60 za kibofu.